Kusoma na Kuandika Ndani ya Kiini: Nani Aguse Kumbukumbu Halisi ya Kompyuta?

Kila msimamizi wa seva za Linux aliyekaa kazini muda wa kutosha amewahi kukutana na programu isiyokufa. Anaorodhesha programu zinazoendelea, anaona herufi D mbele ya mojawapo, anajaribu kuiua kwa kill -9, nayo inabaki pale pale. Herufi hiyo ina maana kwamba programu imelala ndani ya kiini cha mfumo endeshi ikingoja kitu, na haisikii ishara yoyote hadi kitu hicho kifike. Ni kitu gani? Diski iliyoharibika? Kufuli linaloshikiliwa na programu nyingine? Faili lililo kwenye seva ya mbali iliyozimwa? Jibu limo ndani ya mashine yenyewe, katika baiti chache za kumbukumbu, lakini programu ya kawaida haina ruhusa ya kuzitazama baiti hizo.

Katazo hilo ni nguzo ya kompyuta za kisasa. Programu haioni kumbukumbu halisi, yaani zile chipu za RAM zilizochomekwa kwenye ubao; inaona anwani pepe inazogawiwa na kiini. Kwenye prosesa za x86 za biti 64, anwani pepe ya biti 48 hukatwa vipande vitano: vinne vya biti tisa tisa, kila kimoja kikichagua mstari mmoja kati ya 512 katika jedwali la kurasa, na kimoja cha biti 12 kinachoonyesha mahali ndani ya ukurasa wa baiti 4096. Prosesa hufanya upekuzi huo yenyewe, ikianzia kwenye rejista iitwayo CR3, hadi ipate anwani halisi. Programu ya mtumiaji haiwezi kuyabadili majedwali hayo, na ikithubutu kugusa ukurasa wa kiini husimamishwa papo hapo. Ndiyo maana hitilafu ya kivinjari haiangushi mashine nzima, na mtumiaji mmoja wa seva hasomi nywila za mwenzake.

Sasa anayesaka hitilafu ndani ya kiini afanyeje? Anaweza kuongeza mistari ya kuchapisha ujumbe kwenye msimbo wa kiini, akakijenga upya na kuiwasha mashine upya. Anaweza kuunganisha mashine ya pili na kuisimamisha ya kwanza kwa kgdb, zana iliyoingizwa rasmi katika Linux toleo la 2.6.26 mwaka 2008, baada ya miaka mingi ya upinzani wa Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliyeamini kwamba mtunzi wa kiini anapaswa kuuelewa msimbo kwa kuusoma. Lakini hakuna hata moja kati ya njia hizo inayofaa kwenye seva ya benki saa nne asubuhi. Kuwasha upya kunafuta ushahidi, na kusimamisha mashine kunasimamisha wateja. Inabaki njia ya tatu: kuisoma kumbukumbu ya mashine huku ikiendelea na kazi, kwa programu inayokaa upande wa mtumiaji.

Njia hii ya tatu imegombaniwa kwa zaidi ya miaka arobaini, na kwa maoni yangu ugomvi wenyewe umekuwa mrefu kwa sababu moja. Kusoma ni mamlaka moja na kuandika ni nyingine kabisa, ila waliotangulia waliyaweka yote mawili ndani ya faili moja.

Unix ilianza kwa ukarimu. Katika matoleo ya mwanzo yaliyotoka Bell Labs miaka ya 1970, kumbukumbu iliwekwa kwenye mfumo wa mafaili kama kitu kingine chochote: /dev/mem kwa kumbukumbu halisi, /dev/kmem kwa kumbukumbu kama kiini kinavyoiona. Amri ya ps yenyewe ilitegemea njia hiyo. Ilifungua faili la kiini, ikatafuta humo anwani ya jedwali la programu, kisha ikaenda kulisoma jedwali lenyewe kupitia /dev/kmem. Kwenye BSD liliundwa kundi la watumiaji lililoitwa kmem, ili amri za namna hiyo zisome bila kupewa mamlaka yote ya mtumiaji mkuu. Kasoro ilionekana mapema: ukibadilisha kiini bila kuijenga ps upya, ps huchapisha upuuzi, maana inasoma mahali pasipo. Mwaka 1984 Tom Killian wa Bell Labs alieleza namna ya kuzifanya programu zenyewe ziwe mafaili chini ya /proc, na taratibu amri za kila siku zikaacha kupekua kumbukumbu mbichi.

Linux ilirithi mafaili yote mawili ya kumbukumbu. /dev/mem ni kifaa namba 1,1, /dev/kmem ilikuwa 1,2, na jirani yao 1,3 ni /dev/null ambayo kila mtu anaijua. Katika miaka ya 1990 /dev/mem ilikuwa na kazi halali nyingi, kubwa ikiwa ile ya mfumo wa madirisha wa X, ulioitumia kuifikia kadi ya video moja kwa moja.

Lakini faili linaloruhusu mtunzi wa zana kusoma linamruhusu mvamizi kuandika. Mwaka 1998 Silvio Cesare alionyesha jinsi kiini cha Linux kinavyoweza kubadilishwa kikiwa kinaendelea, kupitia /dev/kmem. Mwaka 2001 toleo la 58 la jarida la Phrack likaeleza hatua kwa hatua kazi ya SuckIT, rutkiti, yaani programu ya kumficha mvamizi ndani ya mashine. Uhodari wake, nao ni uhodari kweli, ulikuwa kwamba haikuhitaji moduli, yaani kipande cha msimbo kinachopachikwa kwenye kiini kikiwa kinaendelea. Wasimamizi wengi wa wakati ule waliamini kwamba kiini kilichojengwa bila uwezo wa kupokea moduli ni salama. SuckIT iliuliza prosesa mahali lilipo jedwali la vikatizo, ikafuata kutoka hapo hadi jedwali la miito ya mfumo, kisha ikaigeuza miito hiyo iende kwake kupitia /dev/kmem. Kuanzia hapo kiini chenyewe kilimdanganya msimamizi: faili lililofichwa halikuorodheshwa, programu iliyofichwa haikuonekana.

Jibu la Linux lilikuja kwa awamu. Mwaka 2008 uliongezwa mpangilio wa kujengea kiini ambao baadaye uliitwa CONFIG_STRICT_DEVMEM. Ukiwashwa, /dev/mem hukataa kufikia RAM ya kawaida na kubakiza anwani za vifaa, pamoja na megabaiti ya kwanza ambayo programu za zamani kwenye x86 ziliitegemea kwa ajili ya BIOS. Hata ile megabaiti ikabanwa baadaye: sehemu yake iliyo RAM husomwa kama sifuri. Mwaka 2016, katika toleo la 4.5, ukaja mpangilio mwingine unaozuia pia anwani za vifaa ambavyo tayari vina kiendeshi kinachovisimamia. Na mwaka 2021, toleo la 5.13 liliiondoa /dev/kmem kabisa. Hakuna aliyeililia.

Kufunga mlango wa mbele hakumzuii fundi asiyejali kutoboa ukuta nyuma ya nyumba. Desemba 2012 ilibainika kwamba simu za Samsung zenye chipu za Exynos 4, zikiwemo Galaxy S II, Galaxy S III na Note II, zilikuwa na kifaa kilichoitwa /dev/exynos-mem. Kilitengenezwa kwa ajili ya kamera na picha, lakini kiliruhusu kumbukumbu yote halisi kusomwa na kuandikwa, na ruhusa zake zilikuwa wazi kwa kila programu ndani ya simu. Mchezo uliopakuliwa ovyo ungeweza kujipa mamlaka ya juu kabisa bila kumwomba mwenye simu chochote. Hizo zilikuwa simu zilizokuwa mifukoni mwa watu Nairobi na Dar es Salaam kama zilivyokuwa Seoul.

Windows imepita njia hiyo hiyo. Zamani programu ya upande wa mtumiaji iliweza kufungua \Device\PhysicalMemory. Microsoft ilizuia hilo kuanzia Windows Server 2003 Service Pack 1, mwaka 2005. Kisha makampuni ya vifaa yakaanza kuleta viendeshi vyao vyenye sahihi halali na uwezo ule ule. RTCore64.sys, kiendeshi cha programu ya kurekebisha kasi ya kadi za video, kiliruhusu mtumiaji kusoma na kuandika popote katika kumbukumbu, udhaifu uliosajiliwa kama CVE-2019-16098. Mwaka 2022 genge la kudai fidia la BlackByte lilikitumia kiendeshi hicho kuzima programu za ulinzi kabla ya kufunga mafaili ya watu. Windows 11 sasa ina orodha ya viendeshi vilivyopigwa marufuku, ambayo tangu sasisho la 2022 huwa imewashwa tangu mwanzo.

Ukitazama visa hivi vyote, utaona kwamba madhara makubwa yalitokana na kuandika. Kusoma kuna hatari yake, maana funguo za siri na nywila hukaa kwenye RAM, lakini mvamizi anayegeuza kiini kiwe chombo chake anahitaji kuandika. Msaka hitilafu haihitaji ruhusa hiyo karibu kamwe. Yeye anataka kuona.

Tena, hata kama /dev/mem ingekuwa wazi kabisa, ingekuwa zana mbovu ya kusakia hitilafu za kiini. Chukua ile programu iliyolala kwa herufi D. Ninachotaka ni mnyororo wa kazi zilizoitana hadi ikalala, na mnyororo huo umo katika rafu yake ya ndani ya kiini. Tangu toleo la 4.9 la mwaka 2016, kwenye x86 ya biti 64 rafu hizo hugawiwa kutoka eneo ambalo kurasa zake pepe zinafuatana ilhali zile halisi zimetawanyika. Anayesoma kumbukumbu halisi hana budi kupekua majedwali ya kurasa mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa. Kabla ya hapo inambidi ajue kiini kimekaa wapi, kwa kuwa mahali pake hubadilishwa kwa bahati nasibu kila mashine inapowashwa. Uchanganyaji huo uliingia Linux mwaka 2014 na ukawa wa kawaida mwaka 2017.

Njia iliyo sahihi iko karibu, nayo ni /proc/kcore. Ukiorodhesha ukubwa wake kwenye x86 ya biti 64 utaona namba ya takriban terabaiti 128. Asiyejua hushtuka na kutaka kulifuta, kumbe halichukui hata baiti moja ya diski. Ni faili la kubuni, lenye umbo la ELF, ambalo kiini hulijaza papo hapo unapolisoma. Vichwa vyake vinaeleza anwani pepe ipi inaanzia sehemu gani ya faili, kwa hiyo upekuzi wa majedwali unafanywa na kiini chenyewe. Ni la kusoma tu. Kulifungua kunahitaji uwezo uitwao CAP_SYS_RAWIO, ambao kwa kawaida ni wa mtumiaji mkuu peke yake.

Baiti peke yake hazitoshi. Zana kama crash, iliyotunzwa kwa miaka mingi na Dave Anderson wa Red Hat, na drgn, iliyoanzishwa na Omar Sandoval akiwa Facebook, huziunganisha na taarifa za usakaji hitilafu: majina, aina na mpangilio wa kila muundo wa data ndani ya kiini. Safari ya drgn naifahamu na naipenda kwa uwazi wake. Inaanzia kwenye init_task, muundo wa programu ya kwanza kabisa, ambao anwani yake inajulikana. Ndani yake kuna kiungo kinachoelekeza kwenye programu inayofuata, na hiyo kwenye inayofuata, hadi mduara ukamilike. Katika kila muundo kuna sehemu ya baiti 16 iitwayo comm, yenye jina la programu. Sehemu hiyo iko umbali gani kutoka mwanzo wa muundo? Inategemea toleo la kiini na mipangilio iliyojengewa, na ndiyo sababu taarifa hizo zinapaswa kulingana na kiini kile kile kinachoendelea. Ukishaipata programu iliyolala, rejista zake zimeshahifadhiwa kumbukumbuni, hivyo drgn inaweza kuchora mnyororo mzima wa miito. Unaona jina la kazi ya mfumo wa mafaili, juu yake jina la kazi ya kufuli, na ndani ya kufuli kielekezi cha programu inayolishikilia. Swali la mwanzo limejibiwa, mteja hajakatiwa huduma, na hakuna baiti iliyobadilishwa.

Kuna tahadhari moja ambayo wanaoanza huisahau. Kumbukumbu ya mashine iliyo hai haitulii. Kuitembelea orodha ya programu huku kiini kikiiongeza na kuipunguza ni kama kuhesabu abiria wa daladala iliyo njiani huku konda akipandisha na kushusha: hesabu inaweza kuwa ya gari ambalo halijawahi kuwapo. Kielekezi ulichokisoma sasa hivi huenda muundo wake umeshaachiwa na kugawiwa kazi nyingine. Programu inayotumia prosesa wakati huo huo haina hata mnyororo wa kuchora, maana rejista zake ziko ndani ya prosesa. Kwa hiyo soma mara ya pili na ulinganishe. Programu zilizolala ndizo zinazosomeka vizuri, nazo kwa bahati njema ndizo hasa tunazozihitaji kisa kikiwa ni kuganda.

Mashine iliyokwisha kufa haina tatizo hilo. Linux toleo la 2.6.13 la mwaka 2005 lilileta uwezo wa kuwasha kiini kipya kutoka ndani ya kiini kingine bila kupitia BIOS, na juu yake ikajengwa kdump. Sehemu ya RAM hutengwa tangu mashine inapowashwa, na humo huwekwa kiini cha akiba. Kiini kikuu kikianguka, cha akiba huamka ndani ya eneo lake dogo, nacho kinaiona kumbukumbu yote ya marehemu kama faili moja, /proc/vmcore. Hulinakili kwenye diski, kikiacha kurasa zenye sifuri na ikipendelewa zile za programu za kawaida, kisha mashine inaanza upya. Kesho yake unafungua nakala hiyo kwa drgn au crash kwenye kompyuta yako. Kila kitu kimetulia.

Je, /dev/mem haina kazi tena? Inayo, kwa watu wa vifaa. Kwenye Raspberry Pi 4, rejista inayoonyesha hali ya pini za GPIO iko kwenye anwani halisi 0xFE200034, na amri ndogo ya devmem inaweza kukuonyesha biti zake 32 kabla hujaandika mstari wowote wa kiendeshi. Kwa anayeamsha ubao mpya hiyo ni msaada mkubwa. Ila rejista za vifaa hazifanani na RAM: kusoma rejista ya data ya bandari ya UART kunaiondoa baiti kwenye foleni, na kiendeshi halali kitaikosa. Kumimina /dev/mem yote kwenye faili kwa mkupuo kumegandisha mashine nyingi. Watunzi wa Raspberry Pi walifanya jambo la busara walipoongeza /dev/gpiomem, inayofungua zile anwani za pini tu na kuziachia programu zisizo za mtumiaji mkuu.

Kwa anayejifunza, mahali pazuri kabisa ni mashine pepe. Katika QEMU, kumbukumbu halisi ya mashine ya ndani ni kumbukumbu ya kawaida ya programu moja kwenye mashine ya nje. Amri ya xp ya QEMU inakuonyesha anwani halisi yoyote, na gdb ikiunganishwa kwenye bandari 1234 inasimamisha kiini chote unapotaka. Ukikosea, unaizima na kuanza tena.

Mwaka 2018 ulitukumbusha kwamba ruhusa za mafaili peke yake si kinga ya kutosha. Tarehe 3 Januari ilitangazwa Meltdown, udhaifu wa prosesa nyingi za Intel. Kiini cha Linux huwa na eneo lenye taswira ya RAM yote, na kabla ya siku hiyo eneo hilo lilikuwa ndani ya majedwali ya kila programu, likilindwa kwa alama moja tu. Prosesa ilikuwa ikisoma kwanza na kukagua alama baadaye, na mabaki ya usomaji huo yalionekana katika kashe. Watafiti waliweza kusoma kumbukumbu ya kiini, na kupitia taswira ile RAM yote, kwa kasi iliyofikia kilobaiti 503 kwa sekunde, kutoka kwenye programu isiyo na ruhusa yoyote. Dawa ilikuwa kuyatenganisha majedwali ya kiini na ya mtumiaji, nayo imegharimu kasi hadi leo kwenye mashine za wakati ule.

Baada ya haya yote, mjadala ulihamia kwa mwenye mashine. Seti ya mabadiliko iliyoitwa lockdown, iliyosukumwa na David Howells na Matthew Garrett, ilikusudia kumzuia hata mtumiaji mkuu asikiguse kiini. Mwaka 2018 Torvalds aliipinga vikali kwa sababu iliunganishwa moja kwa moja na uwashaji salama (Secure Boot). Iliingia katika toleo la 5.4 mwaka 2019 ikiwa na ngazi mbili. Ngazi ya kwanza, ya uadilifu, inafunga /dev/mem na njia nyingine za kukibadilisha kiini, lakini inaiacha /proc/kcore. Ngazi ya pili, ya usiri, inafunga na kusoma pia.

Ngazi ya kwanza ndiyo ninayoitetea, kwa kuwa ndiyo iliyotambua kwamba kusoma na kuandika ni mambo mawili. Seva ya kawaida ikiwa katika ngazi hiyo inamnyima mvamizi silaha ya SuckIT na bado inamruhusu msimamizi kuijua mashine yake. Ngazi ya pili ina mahali pake kwa anayetunza funguo za watu wengine, lakini kumfungia kila mwenye mashine nje ya kumbukumbu yake ni kumwacha asiweze kueleza kwa nini huduma yake imekwama. Na kwa watengenezaji wa vifaa, somo la Exynos na RTCore64 halihitaji nyongeza: kiendeshi kifungue anwani za kifaa chake peke yake.

Kama unasimamia seva, fanya mambo mawili kabla ya wiki kwisha. Sakinisha kifurushi cha taarifa za usakaji hitilafu kinacholingana na kiini unachokitumia, kwa sababu siku ya tatizo huenda mtandao ndio uliokufa. Kisha washa kdump, uijaribu kwenye mashine ya majaribio kwa kukiangusha kiini makusudi kwa herufi c kupitia /proc/sysrq-trigger, na uhakikishe faili la vmcore limefika kwenye diski na linafunguka.